Sheria na Mtoto katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Kwa Wasanga wa upande wa Kolwezi, nasaba ilifuata mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya madini ya Union Minière ilianza kuwapa wafanyakazi makazi kambini pamoja na wake zao. Posho, zahanati na shule ya mtoto vikategemea ajira ya baba, na mjomba akasukumwa pembeni. Huo ulikuwa ulinzi wa mwajiri, si wa sheria. Hata dekreti ya kikoloni ya 1950 ilishughulika zaidi na watoto wahalifu na wazururaji.

Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana 18. Ajabu, tofauti hiyo ilidumu katika Kanuni hadi marekebisho yake ya 2016. Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya Januari 2009 ilileta mahakama za watoto. Lakini Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikwisha kuporomoka miaka ya 1990, mishahara ikakatika, na watoto wakaingia kuokota, kuosha na kubeba mawe ya kobalti.