Somo la Historia: Muziki wa Chuma Kizito katika Nchi ya Bangladeshi

Mwenzenu mmoja ameniuliza kwa nini masomo yetu ya historia ni vita na wafalme tu. Swali lake ni la haki. Basi leo twazungumza juu ya vijana waliopiga kelele. Watu walizisikia kelele zile wakaziba masikio, lakini ndani yake mlikuwa na jambo kubwa, nalo ni lugha.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Bangladeshi iko upande wa mashariki wa Bara Hindi, mahali ambapo maji ya mito mikubwa ya Ganges na Brahmaputra yaingia baharini. Mji mkuu ni Dhaka. Waingereza walipoondoka mwaka 1947, sehemu hiyo ilitiwa katika dola ya Pakistani, ingawa nchi ya India ililala katikati, na kutoka upande mmoja wa dola hadi wa pili palikuwa na kama kilometa 1,600. Watawala walitaka Kiurdu kiwe lugha pekee ya serikali. Wabengali wakakataa. Tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi waliandamana katika Dhaka kuitetea lugha yao. Polisi wakawapiga risasi, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1956 Kibengali kikakubaliwa kuwa lugha ya serikali pamoja na Kiurdu, lakini uchungu haukwisha. Mwaka 1971 ilitokea vita ya miezi tisa, na tarehe 16 Desemba ya mwaka huo vita ikaisha na Bangladeshi ikawa huru. Mwaka 1999 shirika la UNESCO liliifanya tarehe ile ya 21 Februari kuwa siku ya lugha ya mama kwa dunia nzima. Yashikeni hayo, maana tutayarudia.

Sasa muziki. Muziki huu huitwa hevi meta, maana yake chuma kizito. Ulianzia Uingereza, katika mji wa Birmingham, ambao ni mji wa viwanda. Kulikuwa na kijana jina lake Tony Iommi, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mabati. Siku moja mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono ambao mpiga gitaa hubania nyuzi. Mtu mwingine angaliacha gitaa. Yeye aliyeyusha plastiki akajitengenezea kofia ndogo za vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zisimwumize. Uzi uliolegezwa hutoa sauti ya chini, nzito, kama ngurumo ya mbali. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa santuri yake kubwa ya kwanza mwaka 1970. Kwa hiyo jina la chuma halikukosea njia: muziki huo ulitoka kwa watu waliokijua chuma kwa mikono yao.

Turudi Dhaka. Baada ya vita ya 1971 vijana wengi walirudi nyumbani wakiwa wamebeba bunduki tangu shuleni. Mmoja wao alikuwa Azam Khan. Alipigana msituni na mjini, na vita ilipokwisha akashika kipaza sauti. Pamoja na bendi yake, Uchcharon, aliimba kwa gitaa la umeme na kwa Kibengali cha mitaani, juu ya watu maskini wa vibanda vya kando ya reli. Wazee wengi hawakumpenda. Walizoea nyimbo za Rabindranath Tagore, zenye adabu na utaratibu, na huyu alikuja na nywele ndefu akipaza sauti. Hata hivyo, alipofariki tarehe 5 Juni 2011 taifa lilimlilia, na mwaka 2019 serikali ikampa, ingawa yu kaburini, nishani ya Ekushey Padak. Neno Ekushey ni ishirini na moja: ni ile Februari 21.

Mlango ulioachwa wazi na Azam Khan ndio walioupitia vijana wa chuma kizito. Mwaka 1984 wanafunzi wachache wa Dhaka waliunda bendi iitwayo Warfaze. Mwaka 1985 ikafuata Rockstrata. Wakati ule nchi ilikuwa chini ya utawala wa Jenerali Ershad, aliyeshika serikali kwa nguvu mwaka 1982 na kuondolewa na maandamano ya watu mwezi wa Desemba 1990. Migomo ilikuwa mingi, na vyuo vilifungwa mara kwa mara. Kijana alikuwa na saa nyingi za kukaa nyumbani bila kazi, na hapo gitaa ni rafiki.

Lakini waliujuaje muziki wa Birmingham, nao wako mbali namna hiyo? Hapa nataka tukae kidogo. Redio haikuupiga, wala televisheni ya serikali haikuuonyesha. Katika barabara iitwayo Elephant Road kulikuwa na duka dogo, jina lake Rainbow. Mwenye duka alikuwa na santuri za kigeni. Kijana alikwenda pale akachagua nyimbo, na duka likamrekodia katika kaseti. Akienda nayo nyumbani, rafiki yake huiazima akaiga ya kwake. Na rafiki wa rafiki akaiga ile ya pili. Kila mara kaseti inapoigwa, mvumo huongezeka na sauti hufifia, hata mwisho mtu asikia gitaa kama lapigwa ndani ya mvua. Ninyi wenye umri wangu na zaidi mliowahi kuiga kaseti mwajua nisemalo. Kwa kaseti kama hizo vijana walijifunza kupiga, bila mwalimu na bila karatasi ya noti, wakirudisha kanda nyuma mara ishirini ili kulikamata fungu moja la nyuzi.

Ndiyo maana muziki huu uliitwa wa chini kwa chini. Wengine hudhani ulikatazwa na sheria. Siyo hivyo. Ulikosa wafadhili, ukakosa redio, na watu wazima wakaudhania kuwa ni wazimu. Ulikaa kwenye vyumba vya nyumbani na kumbi ndogo za kukodi, na habari zake zilipita mdomo kwa mdomo.

Mwanzoni bendi hizi ziliimba nyimbo za Waingereza na Wamarekani kwa Kiingereza, neno kwa neno. Hapo likazuka swali lililowachoma: je, yawezekana kuuimba muziki huu kwa Kibengali? Wengi walisema haiwezekani. Walidai Kibengali ni lugha laini, lugha ya mapenzi na mvua na mto, na ukiipigia gitaa la kunguruma itachekesha. Mimi naona wasemaji hao walimsahau mshairi wao mwenyewe, Kazi Nazrul Islam. Mwaka 1922 alitoa shairi lake kuu la uasi; mwishoni mwa mwaka huo huo serikali ya Kiingereza ikamkamata kwa sababu ya shairi jingine, na mwaka 1923 alikuwa gerezani akigoma kula. Lugha iliyomtia mtu gerezani yawezaje kuwa laini tu?

Warfaze walijibu kwa kazi. Mwaka 1991, miezi tu baada ya Ershad kuondoka, walitoa kaseti yao ya kwanza, nayo ni ya Kibengali. Rockstrata wakatoa yao mwaka 1992. Neno la Kibengali likakaa juu ya gitaa lile, wala halikuchekesha. Mwaka 1994 Warfaze walitoa kaseti ya pili, Obak Bhalobasha, yaani mapenzi ya kustaajabisha. Mwaona? Hata mapenzi hawakuyaacha. Waliyabeba yakaingia ndani ya ngurumo.

Kizazi cha pili kilikuja na haraka zaidi. Cryptic Fate waliundwa mwaka 1993. Walianza kwa kuimba Kiingereza, lakini kaseti yao ya mwaka 2002, Srestho, ilikuwa ya Kibengali. Artcell waliundwa mwaka 1999. Walianza kama wengine, wakipiga nyimbo za bendi ya Marekani iitwayo Metallica, kisha wakatoa kaseti yao ya Onno Shomoy, maana yake wakati mwingine, mwaka 2002. Rafiki yao mmoja aliyekuwa akiwaandikia mashairi alifariki angali kijana, nao wakamtungia wimbo wa kumkumbuka. Mwaka 2006 walitoa Oniket Prantor, yaani uwanda usio na makao. Wimbo wenye jina hilo huchukua zaidi ya dakika 16. Hakuna redio ya biashara ipendayo wimbo wa namna hiyo, lakini vijana waliujua wote kwa moyo. Nimewaona katika picha, umati mzima, mwimbaji amenyamaza na wao wanaendelea. Bendi nyingine, Severe Dementia, yenye sauti kali kuliko hizi zote, iliipa kazi yake jina la Plassey, uwanja ambapo Waingereza walimshinda Nawabu wa Bengali mwaka 1757. Mwalimu wa historia hawezi kulalamika hapo.

Sharti niseme na la upande wa pili, tusidanganyane. Gitaa la umeme ni ghali. Wengi wa vijana hawa walikuwa watoto wa mjini, waliosoma shule nzuri, siyo watoto wa wakulima wa mpunga. Na wasichana jukwaani walikuwa wachache mno. Wazee waliosema kwamba muziki huu ni wa kuiga hawakukosea kabisa kwa ile miaka ya mwanzo. Walikosea kudhani kwamba aanzaye kwa kuiga ataishia hapo hapo. Ninyi wenyewe mlipoanza darasa hili mliiga herufi ubaoni, mkono ukitetemeka, na leo mwawaandikia watoto wenu barua.

Kumbi za wakati ule zilikuwa ndogo. Mojawapo iliyopendwa sana ilikuwa ukumbi wa kituo cha utamaduni cha Warusi, mtaa wa Dhanmondi, ambapo bendi nyingi za chini kwa chini zilipiga kwa zamu tangu mchana hadi jioni. Kisha mambo yakageuka. Cryptic Fate walitoa mkusanyo wa nyimbo uitwao Noy Mash, maana yake miezi tisa, wote juu ya vita ya 1971. Na mwaka 2015 lilianzishwa tamasha la kuikumbuka hotuba ya Sheikh Mujibur Rahman ya tarehe 7 Machi 1971. Lilifanywa Dhaka katika Uwanja wa Jeshi, mbele ya maelfu ya watu, na miongoni mwa bendi zilizowahi kupiga pale ni Artcell na Cryptic Fate, wakiimba kwa Kibengali, na askari wakilinda mlango.

Kabla hatujaachana, kila mmoja aandike katika daftari lake jina la wimbo mmoja ambao wazazi wake waliukataa, na sababu waliyoitoa. Mwalimu wenu atawasomea juma lijalo. Kwaherini.