Simulizi za Abagusii na Idhini ya Kuzichora

Historia ya vitabu vya katuni ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya kuazima. Mwaka 1970 kampuni ya Marvel ya Marekani ilianza kuchapisha katuni za Conan, shujaa aliyebuniwa na Robert E. Howard katika hadithi za miaka ya 1930; na mwaka 1977 kampuni hiyo hiyo ikatoa katuni za filamu ya Star Wars. Katika mikataba ya namna hii, mchapishaji hupata idhini kutoka kwa mtu au kampuni inayojulikana kuwa ndiyo mwenye mali. Makala haya yanakusudia kuchunguza hali inavyokuwa pale ambapo kinachoazimwa ni fasihi simulizi, ambayo haina mtunzi mmoja wa kutia sahihi.

Nchini Kenya, wachapishaji wa katuni wamechota sana katika hazina hiyo. Katika miaka ya 1980 Terry Hirst alitoa mfululizo wa Pichadithi, uliozigeuza ngano za jamii mbalimbali kuwa hadithi za picha. Mwaka 1996 Sasa Sema Publications ya Nairobi ilichapisha Abunuwasi cha mchoraji Gado, kwa Kiswahili. Kampuni hiyo ilimchora pia Fumo Liyongo, ambaye habari zake zilikuwa zimekwisha kutungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Yaani kisa kimoja kilitoka kinywani, kikaingia katika utenzi, kisha kikafika katika picha. Kila hatua ilikipatia kisa hicho hadhira mpya, na kila hatua ilikiondolea jambo fulani.

Sasa natutazame Kisii na Nyamira. Abagusii wana emegano, yaani ngano, na wana visa vya mashujaa ambavyo huimbwa kwa obokano, zeze kubwa la nyuzi nane. Miongoni mwa visa vyao vya kihistoria hakuna kinachosimuliwa kwa uchungu kuliko kile cha mwaka 1908, Otenyo alipomchoma mkuki ofisa wa kikoloni, G.A.S. Northcote. Masimulizi yanamtaja Moraa, mwanamke mtabiri, kuwa ndiye aliyemhimiza. Northcote alipona, na baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Abagusii wao waliletewa askari. Nyumba zikachomwa na mifugo ikatekwa.

Kwa mchoraji, kisa hiki kina kila kitu: shujaa, mtabiri, mkuki na moto. Lakini hapo ndipo penye hatari. Katuni hupenda tendo, nalo tendo la mkuki ni la dakika moja tu. Maonyo ya Moraa na hasara ya watu ni mambo marefu. Aidha, kiputo cha maneno hakina nafasi ya obokano, wala ya kiitikio cha hadhira. Mchoraji akiubakiza mkuki na kuyaacha mengine, atakuwa amemchora mtu mwenye hasira, wala si jamii iliyokuwa ikinyang'anywa nchi yake.

Kwa hiyo suala la idhini si la fedha peke yake. Ni suala la nani ana haki ya kusema kwamba kisa kimeharibiwa. Zamani mchapishaji aliweza kudai kuwa ngano ni mali ya wote, na kwa sababu hiyo si mali ya yeyote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na amali za kitamaduni, Namba 33, imeikataa hoja hiyo. Inataka jamii husika iridhie kabla ya amali zake kutumiwa, igawiwe faida kwa haki, na serikali za kaunti ziweke rejista.

Hata hivyo, mpaka wa kaunti si mpaka wa simulizi. Tangu mwaka 2013 Abagusii wamo katika kaunti mbili. Kitutu yenyewe imegawanyika: Kitutu Chache iko Kisii, na Kitutu Masaba iko Nyamira. Mugirango nayo ni hivyo hivyo: ya Kusini iko Kisii, ya Kaskazini iko Nyamira. Mchapishaji akipata ridhaa ya upande mmoja tu, je, atakuwa amepata ridhaa ya jamii? Ni dhahiri kwamba hapana. Ndugu wawili waliorithi ng'ombe mmoja hawamuuzi kwa kauli ya mmoja wao.

Inafaa basi kaunti hizi mbili ziwe na rejista moja ya simulizi za Abagusii, iliyoandikwa kwa Ekegusii pamoja na tafsiri ya Kiswahili, ikionyesha pia mahali ambapo wasimulizi wanatofautiana. Kazi hiyo ni ya wanaisimu na wanafasihi kabla ya kuwa ya mawakili, kwani mkataba hauwezi kulinda maneno ambayo hayajaandikwa. Wazee wanaoyajua masimulizi haya wanazidi kupungua, na mchoraji atakayekuja baadaye atachora kile tu atakachokikuta.