Mbegu moja, mashamba matatu: Wamanyema wa Kasongo, wa Bujumbura na wa Dar es Salaam

Wandugu na madada wasomi, leo tuzungumze neno moja linalorudiaka sana huku kwetu Punia, sokoni, kwenye bara, hata kwenye grupu zetu za WhatsApp. Tukiona jamii fulani ya wakuja imefungua duka, kisha depo, kisha imejenga nyumba ya mabati, tunasema: "Biashara iko katika damu yao." Tukiona jamii ingine ya wakuja imebaki kubeba mizigo ya watu, tunasema: "Wale ni wavivu, njo damu yao ile." Damu inajibu kila kitu. Mimi nilisoma agronomi, na huku tulifundishwa kwamba jibu linalojibu kila kitu halijajibu kitu.

Kwetu agronomi, ukitaka kujua kama mavuno yametoka kwa mbegu ao kwa udongo, hukai chini kubishana. Unachukua mbegu moja, unaipanda katika mashamba mbalimbali, unangojea. Watu hatuwezi kuwapanda hivyo. Lakini mara moja moja historia inafanya ile kazi yenyewe: watu wa asili moja wanatawanyika, kila kikundi kinaangukia chini ya sheria ingine, na kisha vizazi viwili vitatu tunaweza kulinganisha.

Mfano wa mbali kwanza

Wenye kusoma mambo ya Ufaransa na Israeli wanaujua huu. Katika Aljeria ya wakoloni, tarehe 24 Oktoba 1870, dekre ya Crémieux iliwapa Wayahudi wa inchi ile uraia wa Ufaransa. Jirani zao Waislamu hawakupewa. Watu wa mji mmoja, chakula kimoja, Kiarabu kimoja, lakini karatasi mbili. Aljeria ilipopata uhuru katika 1962, Wayahudi zaidi ya laki moja walihamia Ufaransa. Waliacha nyumba na maduka, lakini waliingia na uraia mkononi, na masomo ya Kifaransa ya karibu miaka 90, na sheria ya Desemba 1961 iliyosaidia Wafaransa waliorudi kutoka makoloni. Mwaljeria Mwislamu aliyeenda Ufaransa kufanya kazi ya viwanda na ya kujenga, mara nyingi alilala katika vibanda vya Nanterre, pembeni ya Paris.

Tazama sasa Moroko. Wayahudi wengi wa Moroko walienda Israeli katika miaka ya 1950 na 1960. Huko waliwekwa kwanza katika kambi za hema na mabati, zilizoitwa ma'abarot, kisha wengi wakatumwa katika miji mipya mbali na katikati ya inchi: Dimona katika jangwa la Negev, ao Kiryat Shmona kwenye mpaka wa kaskazini. Kazi ilikuwa chache na mshahara mdogo. Katika Julai 1959 watu wa mtaa wa Wadi Salib, mjini Haifa, waliinuka kulalamika. Wakati ule ule, wandugu zao waliochagua Paris ao Montréal walikuwa wanaingia mashuleni na maofisini. Kule Israeli watu walisemaka: ni juu ya desturi zao. Lakini desturi ya binamu wawili wa Casablanca inakuwaje nzuri Paris, kisha inakuwa mbaya Dimona?

Ule mfano una kasoro moja, na tuseme ukweli. Mara nyingi mwenye diploma na franga njo alichagua Ufaransa. Maskini alienda Israeli. Ni kusema, mbegu ilichambuliwa mbele ya kupandwa. Juu ya hii napenda zaidi mfano wetu wa Maniema. Kwetu mbegu pia ilichambuliwa, lakini kinyume: wale walioondoka njo walikuwa wa chini.

Nani alibaki, nani aliondoka

Tunajua sote habari hii kidogo. Kuanzia miaka ya 1860 wafanyabiashara kutoka Zanzibar na pwani walifika Nyangwe, kisha Kasongo, ambako Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alifanya makao yake. Walitafuta pembe na watumwa. Lakini watu wa pwani wenyewe walikuwa wachache. Wengi walioitwa Wangwana walikuwa watoto wa huku huku, waliovaa kanzu, wakasema Kiswahili, wakaswali. Wakakuwa nyampara, askari, wafanyabiashara. Walilima pia: mpunga tunaokula leo na sombe, hawa njo walioupanda kwa wingi kandokando ya Lualaba.

Upande mwingine, maelfu ya watu walibeba pembe mpaka ziwa Tanganyika, wakavuka kwenda Ujiji, Tabora, Bagamoyo. Wengine walifungwa munyororo, wengine walilipwa kama wapagazi. Huku walikuwa Wabangubangu, Wazimba, Wakusu, Warega, Wabuyu. Kule ng'ambo wote walipewa jina moja tu: Wamanyema.

Basi ungeuliza mtu wa mwaka 1890: kati ya Mngwana wa Kasongo na Mmanyema mpagazi wa Ujiji, mjukuu wa nani atakuwa na mali? Angekucheka. Jibu lilionekana wazi. Lakini jibu lile halikutimia.

Shamba la kwanza: Kasongo

Katika Machi 1893 jeshi la Dhanis lilichukua Nyangwe, na Aprili lilichukua Kasongo. Bulamatari hakuwaua Wangwana wote wala hakuwafukuza wote. Aliwafungia mlango moja tu: shule. Katika 1906 Leta ya Leopold II ilipatana na Vatikani: misioni zipewe ardhi, na zenyewe zifungue shule. Katika 1925 makubaliano ya De Jonghe yaliongeza: franga za Leta za shule ziende kwa misioni za Kikatoliki za Wabelgiji. Shule ya Leta isiyo ya dini, kwa watoto weusi, ilianza kwa kweli katika 1954 tu.

Hesabu mwenyewe. Kutoka 1906 mpaka 1954 ni miaka 48, vizazi viwili. Mzazi Mwislamu wa Kasongo, Kibombo ao Kindu aliogopa kwamba mtoto akiingia shule atatoka na jina la ubatizo. Mara nyingi hakukosea. Basi mtoto alisoma Kurani, akajifunza kushona, kuuza chumvi na vitambaa. Karani, muganga, mwalimu, wale walioitwa "évolués", walitoka upande mwingine. Na kilimo je? Kuanzia 1917 sheria ilimlazimisha mlimaji kulima kile Bulamatari anataka, kwa bei aliyopangiwa. Ule mpunga wa Wangwana ukawa kazi ya kulazimishwa. Faida ilipanda treni, ikaenda.

Uhuru ulipofika, maofisi yalijaa wenye diploma. Mngwana alibaki na duka, na duka njo la kwanza kuporwa vita ikifika. Kindu inakumbuka 1964, inakumbuka 1998. Leo Waislamu wana shule zao zinazotambuliwa na Leta, lakini miaka 48 hairudi kwa siku moja.

Shamba la pili: Bujumbura

Wamanyema wengine, kutoka Ujiji na kutoka Kongo, walijenga maisha yao Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Kisha vita ya kwanza Wabelgiji walichukua Burundi, na mtaa wa Waswahili ukawa Buyenzi. Sheria zilifanana na za huku: shule mikononi mwa misioni, Mwislamu anatazamwa kwa jicho baya. Tena kule mali ya inchi ilikuwa kilimani, katika mashamba ya kahawa, na Mswahili hakuwa na kilima.

Jambo moja la Buyenzi lifaa tukumbuke. Wabelgiji walitoza mwanamke wa mjini asiye na mume, hata mjane, kodi yake ya pekee. Kwa macho ya Bulamatari, mwanamke akiishi peke yake mjini, basi ni malaya. Katika miaka ya 1950 wamama Waislamu wa Buyenzi waliikataa ile kodi kwa sauti kubwa, juu iliwatia haya na iliwamalizia franga. Mpaka leo Buyenzi inajulikana kwa garaji na vipuri vya magari, kwa biashara ndogo ndogo. Ni kazi za mikono zisizoomba diploma wala shamba. Watu wanasema: "Waswahili wanapenda garaji." Si mapenzi. Ni mlango uliobaki wazi.

Shamba la tatu: Dar es Salaam

Sasa wale waliofika pwani. Wengi walianzia chini kabisa, katika utumwa. Wadachi walipunguza utumwa polepole. Waingereza waliumaliza kwa sheria katika 1922. Mmanyema huru aliingia mjini. Hapo alikuta kitu ambacho mwenzake wa Bujumbura ao Kasongo hakukipata kwa namna ile ile: kiwanja katika Kariakoo, mtaa ambao jina lake limetoka kwa jeshi la wapagazi la Waingereza, wakati wa vita ya kwanza. Unalipa kodi ya kiwanja kila mwaka, unajenga nyumba yako.

Ile nyumba njo siri yote. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba sita, uwanja nyuma. Mwenyewe analala katika chumba kimoja, anapangisha vingine. Kila mwezi franga inaingia, mvua inyeshe ao isinyeshe. Na sheria ya Kiislamu inamruhusu mwanamke kuwa na mali yake kwa jina lake. Basi Wamanyema walijulikana Dar es Salaam kama wenye nyumba, wanawake kwa wanaume. Pale Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema mpaka leo.

Weka sasa wanawake wawili kando kando. Bibi zao walitoka pengine kijiji kimoja cha Kabambare. Wote ni wajane, Waislamu, hawakusoma. Mmoja iko Buyenzi: kwa kuwa hana mume, analipa kodi ya pekee. Mwingine iko Kariakoo: hana mume, lakini wapangaji watano wanamlipa yeye. Damu moja. Tofauti ni nini kama si sheria?

Tena, uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, sheria ya Tanganyika ilisema: aliyezaliwa hapa, na mzazi wake mmoja alizaliwa hapa, ni raia. Mjukuu wa mpagazi akawa mwenye inchi. Na katika 1971, Leta ya Nyerere ilipotaifisha majengo, ilichukua yale ya thamani ya kupita shilingi 100,000. Vyumba sita vya bibi yetu havikuguswa.

Tusipake rangi nzuri tu. Katika Tanganyika pia Waislamu walibaki nyuma kwa shule, na wenye diploma waliwapita wenye nyumba. Ujiji haikutajirika kama Kariakoo: reli ilipofika ziwani katika 1914 iliishia Kigoma, na biashara ikaifuata. Na watu wa Kigoma wanalalamika mpaka sasa kwamba wanaulizwa uraia kila mara. Lakini hizi zote ni habari za milango: shule, reli, karatasi. Hakuna hata moja ya damu.

Na sisi wa Punia?

Mwingine ataniambia: basi tuwanyang'anye wakuja maduka, tufungue mlango wetu. Zaire ilijaribu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazaire. Maduka ya Wagiriki, Wareno na Wapakistani yalipata wenyewe wapya. Wengi waliuza vitu vilivyokuwa ndani, kisha rafu zikabaki tupu, juu hawakupewa wale waliokuwa wakileta vitu kwa deni. Katika 1976 Leta ilianza kurudisha. Duka si mlango. Mlango ni masomo, karatasi, mkopo, barabara.

Hapa kwetu ona wafanyakazi walioletwa na masosiete ya madini, kutoka pande nyingi. Waliishi katika kambi, nyumba ni ya sosiete. Bei ya bati ilipoanguka katika 1985, SOMINKI ikaanza kufa, na mtu aliyefanya kazi miaka 30 hakuwa hata na chumba kimoja cha kupangisha. Leo watoto wao wanachimba, na tunasema damu yao ni ya kuchimba.

Wandugu, wengi wetu tuna lisansi na hatuna kazi. Kesho tutakuwa wakuja Kisangani, Goma, Kampala. Basi tukiona jamii inapanda ao inashuka, tuulize maswali matatu mbele ya kutaja damu. Watoto wao waliingia shule gani, na kwa sharti gani? Nyumba wanayolala ni ya nani, na karatasi ya parseli ina jina la nani? Leta inawaita wenyeji ao wageni?

Tuanzie nyumbani. Sheria ya jamaa, iliyorekebishwa katika 2016, haimlazimishi tena mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya bwana. Ni wamama wangapi wa Punia wana parseli kwa jina lao? Kila mmoja wetu aulize katika jamaa yake, kisha aandike hapa chini jibu alilopata. Tutahesabu pamoja.