Eti Sista Anachati

Nilifukuzwa wodini mara moja tu, na kosa langu lilikuwa simu. Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea uuguzi, na nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha mtoto nikitafuta dozi ya dawa kulingana na kilo zake. Kitabu cha dawa kilikuwa kimefungiwa ofisini, kwa hivyo nilitumia programu iliyokuwa kwenye simu yangu. Mama wa mtoto akaniangalia, akaiangalia simu, akaenda kumwambia msimamizi wa wodi kwamba mtoto wake anateseka na mimi nachati. Simu ikaingia droo. Mimi nikatoka nje. (Chuo nilikiacha mwaka uliofuata, lakini hiyo ni hadithi ya karo.)

Kilichoniuma ni kwamba kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari akibonyeza yake, na hakuna aliyemsemesha. Daktari akishika simu, anatafuta jibu. Nesi akiishika, ana mpango wa kando.

Baada ya hapo nikaanza kusoma jinsi hiki kifaa kilivyofika wodini. Zamani mfuko wa nesi ulibeba kalamu, makasi na kidaftari, na saa ikaning'inia kifuani. Mwaka wa 1993 kampuni ya Apple ikatoa Newton, kikompyuta cha mkononi ambacho hakikuenda mbali. Mwaka wa 1996 ikaja Palm Pilot, ndogo ya kutosha mfuko wa shati, na ulikuwa unaiandikia kwa kijiti, herufi moja moja, kwa mwandiko ambao ilibidi ujifunze upya kama mtoto wa nasari. Orodha ya dawa ya Epocrates ilipowekwa ndani ya Palm mwaka wa 1999, mtu wa hospitali akawa na sababu ya kuinunua. Miaka michache baadaye kuna vyuo vya uuguzi Marekani vilivyokuwa vinamtaka mwanafunzi aje na yake.

Huku kwetu vikompyuta hivyo havikuja dukani. Vilikuja na watafiti. Kati ya 2001 na 2002 shirika la SATELLIFE kutoka Marekani lilivijaribu Ghana, Uganda na Kenya. Hapa Kenya waliopewa ni wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Udaktari tena, si unaona. Muda mfupi baadaye Uganda ikaenda hatua nyingine: wahudumu wa afya vijijini walikusanya takwimu kwa Palm, halafu wakazituma kupitia kiboksi kilichokuwa kinaongea na mtandao wa simu. Ilikuwa kazi ya akili sana. Lakini kifaa cha mradi kina mwenyewe. Kinahesabiwa, kinasainiwa, kinafungiwa kabatini jioni, na siku mradi ukifunga hesabu, wewe unabaki na kidaftari chako.

Mwaka wa 2005 Amref na Baraza la Wauguzi wakaanza kuwasomesha manesi kwa kompyuta. Kenya ilikuwa na manesi zaidi ya 20,000 wa ngazi ya cheti waliotakiwa kupanda hadi diploma, na huwezi kuwatoa wote wodini ukawarudisha darasani. Nani ataziba hiyo nafasi? Kwa hivyo masomo yakawafuata kazini. Mamangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa anamaliza zamu ya usiku, anakaa mbele ya kompyuta na macho mekundu, halafu anakuja nyumbani kutupikia. Kipanya kilimsumbua kuliko fiziolojia. Baadaye Amref ilikuja na masomo ya kwenye simu, programu waliyoiita Jibu, lakini Mama alikuwa ameshapata diploma yake kwa njia ndefu.

Sehemu ya historia hii ninayoipenda zaidi haina kifaa cha maana. Ina mulika mwizi. Kati ya 2007 na 2009, jaribio lililoitwa WelTel lilifanywa katika kliniki tatu za watu wanaotumia ARV: Pumwani, hospitali ya Coptic hapa Nairobi, na Kajiado. Kila wiki nesi alimtumia mgonjwa ujumbe wa neno moja: Mambo? Mgonjwa alikuwa na saa 48 za kujibu Sawa au Shida. Aliyesema Shida alipigiwa, na aliyenyamaza alipigiwa pia. Ujumbe haukutaja virusi wala dawa, kwa hivyo hata mume akiiokota simu mezani angeona salamu tu. (Sijui mzee wa Kajiado alijisikiaje kuulizwa mambo na msichana wa umri wa bintiye.)

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka wa 2010. Wagonjwa walikuwa 538. Kati ya 273 waliotumiwa Mambo, 168 walisema wanameza dawa inavyotakiwa. Kwa wale 265 ambao hawakutumiwa, walikuwa 132. Damu nayo ilithibitisha: virusi vilidhibitiwa kwa 156 upande wa kwanza na 128 upande wa pili. Mimi siamini ni simu iliyofanya hivyo. Shida kwa Kiswahili haina mipaka. Inaweza kuwa kutapika, inaweza kuwa kodi ya nyumba, inaweza kuwa mke ameondoka. Mtu alilijibu neno hilo kwa sababu alijua upande wa pili kuna nesi atakayepiga.

Nilipomsimulia Mama kisa changu cha droo, hakunipa pole. Alileta Nokia yake ya zamani, akaiwasha. Kliniki aliyofanyia kazi haikuwa kwenye utafiti wowote, na haikuwahi kumpa simu wala kredo. Lakini mle ndani kulikuwa na majina kama Fundi Viatu, Mama Omena, Boda ya Pili, Mwalimu wa Kwaya. Wote walikuwa wagonjwa wake. Aliwabatiza hivyo ili simu ikiibiwa, mwizi asijue siri ya mtu. Kredo alikuwa ananunua kwa pesa yake, na mimi nakumbuka nikilalamika kwamba hakuna za kuninunulia mkate wa shule.

"Nao wodini walisema unachati?" nikamwuliza.

"Walisema nina mwanamume," akacheka.

Amestaafu sasa. Kliniki hawana zile namba, hawakuwahi kuziomba. Mwezi uliopita Fundi Viatu alimtumia neno moja, shida, na Mama akachukua simu yangu kwa sababu yake haikuwa na kredo. Akatoka nje kuongea. Alirudi baada ya dakika arobaini akaniambia niongeze nyingine, bado hajamaliza.