Reko wa Itebero

Reko ni mwanakijiji anayejitolea kuunganisha kaya za majirani zake na kituo cha afya. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kifaransa *relais communautaire*, na ndilo linalotumika Kongo ya Mashariki. Ukisema "mhudumu wa afya ya jamii" utaeleweka, ila watu watajua umetoka nchi nyingine.

Itebero iko katika eneo la Walikale, Kivu ya Kaskazini, kando ya barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu, ikapita Hombo na Walikale hadi Kisangani. Zoni ya afya ya Itebero ni mojawapo ya zoni za eneo hilo, pamoja na Walikale, Kibua na Pinga. Ni nchi ya msitu, mvua na tope, na mgonjwa aliye mbali na barabara hubebwa kwa tipoyi, yaani machela, mabegani mwa watu. Kwa hiyo dalili ya hatari ikionwa mapema nyumbani, wabebaji huanza safari kungali na nafasi ya kumwokoa mtu. Kuiona ndiyo kazi ya reko.

Chombo chake kikubwa ni utepe wa kupimia mkono. Mama humpakata mtoto, reko akauzungusha utepe katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, kisha akasoma rangi. Ikiwa kijani, mtoto yu salama. Manjano, yaani kati ya milimita 115 na 125, huonya. Nyekundu, chini ya 115, ina maana mtoto apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Zaidi ya hapo reko huita watu kwenye chanjo, hugawa vyandarua na kuripoti vifo vya ghafla.

Ni nini humfanya abaki? Kiswahili cha Kivu kina jibu lake. Huku "motivasyo" si ari ya moyoni. Ni fedha, zile kidogo ambazo mradi humpa reko kwa mwezi au kwa siku za kampeni, zisiitwe mshahara. Mgeni huweza kucheka. Mimi naliona kuwa neno lenye ukweli: anayeliacha shamba lake asubuhi tatu kwa juma hupungukiwa mihogo, na hasara hiyo ina bei.

Hata hivyo fedha peke yake haielezi kwa nini wengine hubaki mradi ukishafungwa. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani Gil Clary na Mark Snyder, pamoja na wenzao, walitaja sababu sita za kujitolea: imani ya mtu, hamu ya kujifunza, uhusiano na watu, matumaini ya kazi, kujiondolea uzito wa nafsi, na kujithamini. Matumaini ya kazi hayahitaji maelezo penye vijana wenye diploma na ajira chache. Wengi huiona gile ya reko, yaani kizibao chake cha kazi, kama mlango wa kuingia shirikani. Lakini orodha hiyo inamtazama mtu mmoja mmoja, wakati reko, kwa kanuni za nchi, huchaguliwa na wanakijiji wenzake. Akiacha, ataulizwa kisimani, kanisani na sokoni.

Heshima hiyo ya kuchaguliwa huweza pia kumfukuza. Reko akimshawishi mama apeleke mtoto kituoni, wakakuta rafu tupu, lawama humwangukia yeye, wala si aliyechelewesha dawa. Mara ya tatu hatabisha hodi tena. Kingine kinachochosha ni miradi miwili kulipa viwango tofauti kwa kazi ileile. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287 na kufika hata Pinga, fedha za dharura zilizua wivu na minong'ono kuwa ugonjwa ulikuwa biashara.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wahudumu wa jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi yao. Kenya mwaka 2023 iliwaweka wahudumu wapatao 100,000 kwenye posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana gharama. Kongo bado motivasyo hutegemea sana wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ilikwama.

Machi 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia mjini Walikale, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Katika siku kama hizo magari ya mashirika hurudi yalikotoka. Reko hukimbilia msituni pamoja na waliomchagua, na watoto wa kupimwa mikono wako hukohuko.