Tarehe ya Bunduki ya Upepo Mpakani Tunduma

Mwaka 1890 una haki ya kukumbukwa na kila mtu wa Tunduma, maana katika mwaka huo, tarehe 1 Julai, Waingereza na Wajerumani walitia mkono mapatano yaliyoikata nchi kutoka Ziwa Nyasa, kwa kuufuata mto Songwe, hata kusini ya Ziwa Tanganyika, wakamwacha Mnyamwanga upande huu na nduguye upande wa pili. Na siku iliyofuata madola yaliyokutana Brussels yakatia mkono hati ya kukomesha biashara ya watumwa, ambayo ndani yake mlikuwamo masharti juu ya silaha, kwamba tangu latitudo 20 kaskazini hata 22 kusini bunduki za kisasa, hasa zenye kasiba ya mifuo, zisiingizwe ila kwa idhini, ikaachwa ile ya gumegume na baruti yake ya kawaida. Katika mwaka huo huo, mbali na mashauri ya wakubwa, Jakob Mayer na Josef Grammelspacher walifungua kiwanda katika mji wa Rastatt, Ujerumani, nacho ndicho kilichokuja kutengeneza bunduki za upepo ziitwazo Diana, zenye alama ya bibi mwindaji wa hadithi za Kirumi, aliyetupa upinde wake chini na kuinua bunduki juu ya kichwa.

Masharti yale ni miongoni mwa sababu zilizomfanya mwindaji wa nchi zetu abaki na gobore muda mrefu baada ya ulimwengu kuliacha: amimine baruti mdomoni mwa kasiba, ashindilie, atie marisau au vipande vya chuma, aweke fataki, kisha amwombe Mungu mvua isinyeshe. Bunduki njema zilikuwa za serikali na askari wake. Hata von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alipovuka mpaka na jeshi lake mwanzoni mwa Novemba 1918 na kuishambulia Fife, boma la Waingereza lililokuwa jirani ya hapa tulipo, kabla ya kuweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 ya mwezi huo, mwanakijiji aliyesikia mizinga ile alikuwa na gobore lake tu ukutani.

Bunduki ya upepo niliyoishika kwanza ilikuwa ya marehemu ami yangu, aliyelima kahawa na ulezi Mbozi, naye aliinunua ikiwa imekwisha tumika, Diana namba 27, kwa ajili ya kuwinga ndege. Ilinistaajabisha kwa kuwa haikuwa na moto ndani yake. Ami aliikunja kasiba kuelekea chini, na wenzo uliofungwa kwenye kasiba ukasukuma pistoni nyuma na kuikaza kamani mpaka ikanaswa. Akatia marisau moja ya risasi, yenye kiuno chembamba kama cha nyigu, akairudisha kasiba mahali pake. Na alipovuta kifyatuo kamani ikafumuka, pistoni ikaruka mbele, na hewa iliyobanwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho ikaisukuma ile marisau nje. Alinikataza mambo mawili kwa ukali: nisiifyatue tupu, kwa sababu pasipo marisau ya kuizuia hewa hakuna mto wa kuipokea pistoni, ikagonga chuma kwa chuma, na nisiiache imekazwa usiku kucha, kwani kamani nayo huchoka.

Vita vya pili vya dunia vilivitikisa viwanda vya bunduki hizi huko Ujerumani. Mitambo ya Rastatt ilichukuliwa ikapelekwa Uskoti kwa Millard Brothers wa Motherwell, pamoja na jina lenyewe, hata mafundi wa Rastatt walipoanza tena wakalazimika kuuza Uingereza kwa jina la Original mpaka miaka ya 1980. Basi anayeokota Diana kuukuu na asome kwanza nchi iliyochorwa juu ya chuma. Na jamaa ya Weihrauch, mafundi wengine wa bunduki, waliokuwa wakifanya kazi Zella-Mehlis tangu 1899, walijikuta upande wa Warusi, wakahamia Mellrichstadt, karibu na mpaka uliopasua Ujerumani yao, wakaanza upya. Mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Kutoka Mellrichstadt ilitoka bunduki ya upepo HW 35, mwaka 1951, yenye komeo la kuifunga kasiba isitikisike, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 HW 80, yenye nguvu nyingi na uzito wa takriban kilo 4. Wapo wanaoipenda HW 80 kuliko zote, nami siwalaumu, kwani kazi yake ni ya ustadi mkubwa; walakini kamani nzito hupiga teke mara mbili, nyuma kisha mbele, kabla marisau haijatoka mdomoni, na mpigaji anayeibana kwa nguvu hupotea shabaha. HW 35 ningeichukua kwa uimara wake, lau nisingalilelewa na ile 27, ambayo haifiki kilo 3, ambayo mtoto wa miaka 12 huikaza bila kuhema, akisimamiwa na mzee wake, na ambayo humfundisha mtu kulenga kabla ya kumfundisha kuua. Hiyo ndiyo niichaguayo.

Anayetaka kuwa na bunduki hii mjini petu, na aanze kituo cha polisi kabla ya dukani, aulize lililo halali. Kisha atafute ukuta wa udongo nyuma ya shabaha yake, wala asielekeze kasiba barabarani hata siku moja, kwa kuwa ng'ambo ya barabara ile ni Nakonde, upande wa pili wa mpaka, na huko kuna watoto wa ndugu zetu.