Kabla ya sabufa

Kwetu Kyela, kabla ya sabufa kulikuwa na redio kaseti ya baba. Betri zikichoka tulizianika juani (msicheke, zilirudi kidogo). Runinga ilifika Bara mwaka 1994, kwetu ikachelewa zaidi. Muziki tuliudaka hewani: Radio Tanzania, ya serikali tangu 1965, ndiyo iliyorekodi bendi kama Mlimani Park, nasi tukarekodi kutoka redioni.

Siku moja nikafuta sauti ya bibi akisimulia kwa Kinyakyusa. Baba hakunichapa, alinyamaza mpaka jioni.

Leo sabufa yangu inatikisa madirisha, risasi za gemu za wanangu zinalia sebule nzima. Haina pa kuweka kaseti. Lakini ile bado ninayo. Mwishoni, gitaa likikatika, bibi anakohoa.